Kiti cha Baraza la Usalama hupatikanaje? Zamu, ahadi na kura ya siri

Jioni moja Juni 2025 nilikuwa Ras Kisimani, pale ufukweni upande unaotazama delta ya Rufiji, nikirekodi kipindi cha wavuvi. Redio ya mtu mmoja ilikuwa inasoma habari za saa moja: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imechaguliwa kuingia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza nyavu akainua kichwa akaniuliza, "Mwanangu, Kongo si ndiyo yenye vita? Imepewaje kiti cha usalama?"

Nilimjibu kwa haraka haraka, na jibu langu halikuniridhisha hata mimi. Baadaye simu na ujumbe mfupi vikaingia studio kuuliza jambo lile lile. Kwa hiyo leo naandika jibu refu zaidi, msome taratibu.

Kwanza tusahihishe neno moja. Kongo haikupewa, ilipigiwa kura. Juni 3, 2025, nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilipiga kura New York na Kongo ikapata kura 183. Liberia nayo ilichaguliwa siku hiyo hiyo, pamoja na Bahrain, Colombia na Latvia. Muhula wa zote ni wa miaka miwili kuanzia Januari 1, 2026.

Baraza lina nchi 15. Tano hazitoki: Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Hizo tano zina kura ya turufu, maana yake moja ikisema hapana, jambo limekufa. Nchi 10 zilizobaki huingia na kutoka kila baada ya miaka miwili, na kati ya hizo 10, Afrika ina viti vitatu. Azimio likipita linazibana nchi zote duniani, Tanzania ikiwemo. Ndiyo maana viti hivyo vitatu vinagombaniwa.

Sasa, kura 183 zinafanana na ushindi wa kishindo. Ukweli ni kwamba Kongo haikuwa na mpinzani. Viti vya Afrika vilikuwa viwili mwaka huo na wagombea walikuwa wawili. Kazi yote ilikwisha kabla ya siku ya kura.

Wale walio kwenye BMU wataelewa upesi. Mnapochagua kamati ya kusimamia uvuvi, siku ya mkutano mtu anaona mikono inanyooshwa tu. Lakini aliyekuwepo jana yake kwenye vibaraza anajua kwamba wazee walishakaa, wakasema mwenyekiti safari iliyopita alitoka upande ule, basi safari hii atoke upande huu, na fulani asigombee ili tusigawane. Afrika hufanya hivyo hivyo. Bara limegawanywa kanda tano: Mashariki, Kusini, Magharibi, Kaskazini na Kati. Kanda inakaa, inatoa jina, Umoja wa Afrika unalipitisha kule Addis Ababa, halafu jina linapelekwa New York likiwa na baraka za bara zima.

Zamu ya kanda yetu unaweza kuihesabu kwa vidole. Tanzania ilikaa 2005 na 2006. Uganda ikafuata 2009 na 2010. Rwanda 2013 na 2014. Ethiopia 2017 na 2018. Kenya 2021 na 2022. Somalia imeingia 2025 na itatoka mwisho wa 2026. Kila baada ya miaka minne kiti kinarudi Afrika Mashariki, na katikati yake kinakwenda Kusini: Afrika Kusini, Angola, Afrika Kusini tena, Msumbiji.

Ukiitazama hivyo unaweza kudhani mambo ni shwari. Si shwari. Angalia ilivyokuwa mwaka 2020.

Zamu ilikuwa ya Mashariki na Kenya ilikuwa inakitaka kiti. Djibouti nayo ikakitaka. Djibouti ni nchi ndogo pale mdomoni mwa Bahari ya Shamu, lakini usiidharau: ina kambi za majeshi ya Marekani, Ufaransa, China, Japan na Italia ndani ya ardhi yake, na meli zinazokwenda Suez zinapita mlangoni kwake. Agosti 2019 mabalozi wa nchi za Afrika walipiga kura Addis Ababa. Kenya ikapata 37, Djibouti 13. Kenya ikasema, basi, bara limeamua. Djibouti ikasema haikubali, utaratibu haukufuatwa. Hoja yake ilikuwa rahisi na yenye mantiki: Kenya imeshakaa mara mbili, 1973 hadi 1974 na 1997 hadi 1998. Sisi tumekaa mara moja tu, 1993 hadi 1994. Kama kweli kuna zamu, ni ya nani?

Mimi nakiri hoja ya Djibouti ilikuwa na uzito. Lakini Kenya nayo ilikuwa na la kusema. Ukishakubali kupiga kura ndani ya nyumba, ukashindwa, ukatoka nje kuwaomba majirani wakupigie, basi ile kura ya ndani ilikuwa ya nini? Na kama kila anayeshindwa Addis atakwenda New York peke yake, siku moja Afrika itakuta viti vyake vinaamuliwa na watu wa mabara mengine. Jambo hilo ndilo lililotokea. Nchi za Ulaya, Asia, Amerika na visiwa vya Pasifiki ndizo zilizoamua ugomvi wa majirani wawili wa Afrika Mashariki.

Kampeni ikawa kali. Kenya ilizungumzia wakimbizi inaowahifadhi Dadaab na Kakuma, askari wake walioko Somalia, na ofisi za Umoja wa Mataifa zilizoko Gigiri, Nairobi. Djibouti ikazungumzia bandari yake, kambi zake, na kwamba inazungumza Kifaransa na Kiarabu, kwa hiyo itasikika na wengi. Somalia wakati ule ilikuwa imekosana na Kenya juu ya mpaka wa baharini, kesi ilikuwa mahakamani The Hague, na jambo hilo halikuisaidia Kenya kwa nchi za Kiarabu.

Siku ya kura ilikuwa Juni 17, 2020, katikati ya corona. Mabalozi hawakuruhusiwa kujazana ukumbini. Waliingia kwa makundi, kila kundi na muda wake, wakiwa na barakoa, wakatumbukiza karatasi na kutoka. Anayetaka kushinda lazima apate theluthi mbili ya waliopiga kura, na siku hiyo ilikuwa ni kura 128. Kenya ikapata 113. Djibouti 78. Hakuna mshindi. Wakarudia kesho yake. Kenya 129, Djibouti 62. Kenya ilivuka kwa kura moja tu juu ya kiwango.

Mbona kura 16 za Djibouti zilihama usiku mmoja? Kwa sababu duru ya kwanza ndiyo ya kulipa madeni. Balozi anakuwa ameahidi, anatimiza ahadi yake mara moja, na duru ya pili anajiona yuko huru. Wengine huona upepo unakovuma wakahamia kwa anayeelekea kushinda, kwa kuwa hakuna anayetaka kukumbukwa kama adui wa mshindi. Balozi wa Kenya alilala usiku ule akiwa na orodha mkononi, akipiga simu. Na wa Djibouti vile vile.

Hapa ndipo ufunguo wa mambo yote haya ulipo: kura ni ya siri. Nchi inaweza kukuandikia barua rasmi yenye muhuri kwamba itakupigia, ikaingia ukumbini ikampigia mwenzako, na hutajua kamwe. Barua hizo zenyewe kwa kawaida si za bure. Ni za kubadilishana: nipigie kura katika Baraza la Usalama, nami nitakupigia katika baraza lile la haki za binadamu, au katika shirika lile la usafiri wa baharini. Kila wizara ya mambo ya nje ina daftari la nani tumemwahidi nini na nani anatudai. Juni ile ile ya 2020, Canada, nchi tajiri na yenye marafiki kila kona, ilitoka na kura 108 ikashindwa na Norway na Ireland.

Wakenya walionja ladha ya kura ya siri kwa uchungu Februari 15, 2025. Raila Odinga aligombea uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Zamu ilikuwa ya Mashariki, na wagombea watatu wakatoka Mashariki: Raila wa Kenya, Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti na Richard Randriamandrato wa Madagascar. Agosti 27, 2024 Raila alizinduliwa kwa shangwe Ikulu ya Nairobi, marais wakiwepo, Rais wetu Samia Suluhu Hassan mmoja wao. Addis, duru ya kwanza Raila akaongoza kwa kura 20 dhidi ya 18, Madagascar 10. Duru ya pili akaongoza tena. Duru ya tatu Youssouf akampita na hakurudi nyuma. Baada ya duru ya sita, kura 26 kwa 22, Raila akajiondoa, na duru ya saba Youssouf akapata 33, idadi iliyotakiwa.

Youssouf huyu alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Djibouti tangu 2005. Maana yake ndiye aliyekuwa waziri wakati nchi yake inashindwa na Kenya kule New York. Miaka mitano hakusahau.

Katika mchuano ule kuna jambo linalotuhusu Watanzania moja kwa moja, na halikuzungumzwa sana kwenye vyombo vyetu. Siku tatu kabla ya kura, katibu mtendaji wa SADC aliziandikia nchi wanachama akizikumbusha kwamba mwanachama mwenzao Madagascar anagombea, wamuunge mkono. Tanzania ni mwanachama wa SADC. Tanzania pia ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kenya ndiko iliko. Ukiwa na nyumba mbili, siku ya harusi mbili unavaa nguo ya wapi? Kura yetu ilikuwa ya siri na imebaki siri. Lakini nchi yenye miguu miwili hivi huombwa na kila upande, na kila upande humshuku. Wengine wanaona ni udhaifu. Mimi naona ni mtaji, mradi wanaojadiliana kwa niaba yetu wajue wanataka nini badala ya kusubiri kuombwa.

Na tukitaka, tunaweza. Siku ile ile Raila alipozinduliwa Nairobi, Dk. Faustine Ndugulile, mbunge wa Kigamboni, alichaguliwa Brazzaville kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, akiwashinda wagombea wa Senegal, Ivory Coast na Rwanda. Mungu hakumpa nafasi ya kukaa kwenye kiti hicho. Alifariki Novemba 27, 2024. Tanzania ikarudi uwanjani na jina jingine, Profesa Mohamed Janabi, na Mei 18, 2025 akashinda Geneva. Nchi moja kushinda kiti kimoja mara mbili ndani ya miezi tisa si jambo la bahati. Kuna watu walifanya kazi ya kuzungukia mataifa, na wanastahili kutajwa kwa heri.

Wazee watakumbuka pia 1981, Dk. Salim Ahmed Salim alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wenyewe. China ikamkataa Kurt Waldheim mara 16. Marekani nayo ikamkataa Salim kwa kura ya turufu. Mwisho wote wawili wakakaa pembeni na kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Kwa nafasi ile, wanachama wote wa dunia hawakutosha. Mmoja alisema hapana, yakaisha.

Turudi kwa swali la mzee wa Ras Kisimani, maana bado sijalijibu. Kongo ina vita, imepataje kiti cha usalama?

Jibu la kwanza ni kwamba sheria haikatazi. Katiba ya Umoja wa Mataifa inataka mchango wa nchi katika amani uzingatiwe, pamoja na mgawanyo wa kijiografia, lakini hakuna mwamuzi wa kumtoa mgombea. Kanda ikikubaliana, mlango unafunguka. Somalia iliingia hivyo hivyo kwa kura 179 Juni 2024, huku askari wa kigeni wakiwa bado wanailinda.

Jibu la pili ni chungu kidogo. Rudini Oktoba 2012. Zamu ilikuwa ya Mashariki na jina lililotolewa lilikuwa Rwanda. Wakati ule ule wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wanaishutumu Rwanda kuwaunga mkono waasi wa M23 mashariki mwa Kongo. Rwanda ilikanusha, na inakanusha mpaka leo. Kongo ilisimama ikapinga. Haikusaidia kitu. Mgombea alikuwa mmoja, kiti kimoja, akapita kwa kura 148. Mwezi mmoja baadaye M23 wakaingia Goma, na Januari 2013 Rwanda ikakaa kwenye meza ambayo ilikuwa inajadili vita hiyo hiyo. Huo ndio ubaya wa zamu isiyo na ushindani. Inapunguza ugomvi, ni kweli. Lakini inamnyima kila mtu nafasi ya kuuliza: huyu akiingia, atafanya nini?

Sasa meza imegeuka. Januari 2025 M23 waliingia tena Goma, na Kongo ndiyo iliyochaguliwa kuwa ndani. Wakongo wanasema angalau safari hii watazungumza wenyewe badala ya kuzungumziwa. Wana haki ya kufurahi. Lakini wasitarajie kiti kiwatoe waasi mjini. Februari 21, 2025 Baraza lilipitisha azimio namba 2773, nchi zote 15 zikikubali, kuwataka M23 waondoke na jeshi la Rwanda liache kuwaunga mkono na kurudi kwao. Azimio halikutekelezwa. Karatasi ya New York ina nguvu pale tu wenye nguvu wanapotaka iwe nayo.

Mtauliza, na sisi huku Mafia tunaingiaje humo? Tunaingia kwa njia ya vijana wetu. Machi 2013 Baraza lilipitisha azimio 2098 kuunda brigedi ya kupambana na waasi Kongo, na askari wakatoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda wa kwanza akiwa Mtanzania. Desemba 7, 2017 kambi yao ya Semuliki ilishambuliwa, na askari wasiopungua 14 wa JWTZ wakauawa. Kuna nyumba za pwani zilizopokea majeneza. Baadaye SADC nayo ikapeleka kikosi chake, Tanzania ikiwemo, na kikosi hicho kikaamuliwa kuondolewa Machi 2025. Mama mwenye mtoto jeshini ana sababu ya kujua nani anakaa kwenye meza inayopanga mtoto huyo aende wapi, na kwa amri gani.

Hata bahari hii. Juni 2008 Baraza lilitoa azimio 1816 la kuruhusu majeshi ya nchi nyingine kuwafuata maharamia ndani ya maji ya Somalia. Mtu aliona ni habari za mbali, mpaka maharamia wakashuka kusini, na 2011 meli ya kutafuta mafuta ikashambuliwa upande wetu huu wa Mafia. Wavuvi wa maji marefu wanakumbuka hofu ya miaka ile.

Zamu ya kura ya Juni 2026 ni ya Kusini, na Zimbabwe ilipata baraka za SADC. Mashariki inarudi kwenye kura ya 2028. Tangu Tanzania itoke mwaka 2006, itakuwa imepita miaka 22, na majirani kadhaa watakuwa wameshakaa. Wakati wa kuanza kuzunguka na orodha ni sasa, kwa kuwa nchi nyingine hutangaza nia miaka minne au mitano kabla. Kama kuna mtu wizarani anasoma hapa, swali la wavuvi wa Kisimani ni hili: tunakitaka au hatukitaki? Na kama tunakitaka, tutakwenda kusema nini kuhusu Kongo?

Mwaka 2026 wote Somalia na Kongo zitakaa meza moja, zote mbili zikiwa na vita nyumbani. Kila nchi itaongoza Baraza kwa mwezi mmoja zamu yake ikifika. Nilipompigia simu yule mzee nikamweleza haya, alinyamaza kidogo, akasema, "Basi watoe taarifa wakishakaa, tusikie wamesema nini." Nimemwahidi tutaitoa.